Bua la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mbegu kumi na mbili zinaelea kwenye bakuli la maji, juu ya meza yangu ya kushonea. Nyeusi, nyembamba, kama karatasi iliyoungua. Mbegu za amarilisi, ua lile jekundu lenye mdomo wa tarumbeta. Kanipa jirani yetu Nesi, mstaafu mwenye vyungu vitano dirishani na maringo ya vyungu kumi. Nikashukuru kwa moyo wote. Ndipo akaniambia zitachanua baada ya miaka minne. Minne! Mimi nilitaka kumpiku kabla mwezi haujaisha.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Mama mkwe katuachia amarilisi yake tuitunze mpaka amalize upasuaji wa macho. Tunguu lake, mfano wa kitunguu maji lakini kubwa kama ngumi, limezaa watoto watatu ubavuni. Nasikia watoto hao huchanua mapema kuliko mbegu. Juu limesimama bua lenye tumba nono. Bua sitaligusa. Nachukua watoto tu. Nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Nimejua mimi. Watoto wawili walitoka na mizizi yao, salama salimini. Wa tatu akang'ang'ania. Nikaleta mkasi wa kukatia suti. Ukapita kwa mtoto, ukapita kwa mama, bua likaniangukia mkononi. Mke wangu akauliza mbona kimya. Nikamwambia naomba dua. Haukuwa uongo.
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Alishasema, bandeji ikitoka, anataka kuliona ua lile kabla ya kitu kingine. Alilipanda marehemu mumewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelishona bua. Uzi wa kijani, mshono wa siri, ule wa pindo la suruali. Hata gauni la bibi harusi sijawahi kulishona hivyo! Saa nne likainama. Saa sita likalala kabisa.
Nikameza kiburi, nikabisha kwa Nesi. Hakucheka. Alifumua nyuzi zangu taratibu kama anayemtoa mgonjwa nyuzi, akakata ncha, akalitia bua kwenye glasi ya maji.
"Fundi, hili halitaki sindano," akasema. "Lina akiba yake ndani. Lipe maji, uliache lipumue."
Nilipofika mlangoni ndipo alipocheka. Alikuwa na haki. Mungu ambariki, yeye na vyungu vyake vyote vitano.

Jumamosi, 8 Machi
Limechanua! Nikaichimbia glasi ndani ya chungu, nikaifukia mpaka shingoni. Nikajiambia macho mapya hayatagundua.
Mama mkwe akaingia ameshikwa mkono na binti yake. Akalitazama ua kwa muda mrefu. Akasema ni jekundu kuliko alivyokumbuka, kisha midomo ikamtetemeka. Hapo ningenyamaza! Badala yake nikaanza kuusifu udongo wangu. Akanyoosha mkono aliguse bua. Likainuka na glasi yake, maji yakamwagikia miguuni.
Mke wangu akanitazama. Nikaungama yote, mpaka mkasi.
Mama mkwe alicheka hadi nikaogopa, maana daktari kamkataza hata kupiga chafya.
"Mwanangu," akasema, "marehemu alilikata mara mbili."
Na mimi miaka yote nilidhani yule mzee alikuwa na busara. Kumbe tulikuwa ndugu!
Akanielekeza nipake jivu kwenye jeraha la tunguu, nilianike likauke, ndipo lirudi udongoni. Watoto wapandwe nusu tu, mabega nje. Kisha akanipa wawili wawe wangu. Kunipa! Kumbe ningeomba tu. Nilikwenda uani nikajifanya natafuta jembe, nisionekane nikilia.

Jumamosi, 22 Machi
Mbegu saba zimetoa mizizi, mbili zina majani membamba kama uzi. Nesi kaja kunisaidia kuzipanda, mama mkwe kakaa kando akituonyesha kwa kidole, na kidole chake sasa hakikosei. Tunguu la mama limeanza kusukuma jani. Watu hawa sikuwastahili, nawashukuru kila asubuhi. Wote wawili wamenipa agizo moja: mwanga, maji kidogo, na mikono yangu iwe mbali.
Nimeelewa. Nimeelewa kabisa.
Ila udongo nimeushika leo, ni wa baridi mno kwa watoto wachanga. Na pasi iko hapa hapa. Moto mdogo tu, ule wa hariri.