Seta wa Ukoo Bora na Jibini Linalonuka

Jumatatu, 5 Novemba

Barua kutoka kwa mzee Arrigoni. Mistari mitatu ya wino mweusi, kama hukumu. Atakuja Jumapili, Siku ya Mtakatifu Martino, kumtazama mbwa wake akiwinda. Mbwa wake! Mwaka wa pili sasa Conte anakula kwangu, analala kwangu, anakoroma kwangu, na bado ni mbwa wake.

Kusema kweli tulikubaliana hivyo. Arrigoni hauzi mbwa. Seta wake, mbwa wa kuwindia ndege, wana vyeti vya ukoo virefu kuliko vya maaskofu, naye humpa mbwa yule anayemtaka mwenyewe, kwa sharti moja. Mbwa akifika miaka miwili awe anawinda. Kama hawindi, anarudi kwa mzee. Alinipa Conte miezi minne baada ya kumzika mke wangu Rosalba. Nikadhani mzee ana huruma. Huruma anayo, ila kwa mbwa tu.

Conte hajapata ndege hata mmoja. Mbwa wa uzao huu hakimbizi wala habweki. Akinusa bekacha, yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu anayelala kwenye majani makavu, anatakiwa agande. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua mbele, mpaka bwana wake afike na bunduki. Conte huganda mbele ya kabati la jibini tu. Lakini hapo anaganda vizuri mno, hata mchoraji angemlipa.

Nina siku sita. Mwingine angekata tamaa. Mimi nina kichwa.

Jumanne, 6 Novemba

Leo sheria hairuhusu kuwinda. Nimekaa nikipanga.

Amekuja Gaudenzio, kaka yake Rosalba, na mbwa wake jike Diana ambaye msimu uliopita alimpatia bekacha kumi na tisa. Ninajua idadi kwa sababu haijapita wiki moja bila yeye kuitaja. Akasema amesikia habari za barua. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema tarishi, muuza mkate na padri. Kisha akasema mbwa wangu hana ugonjwa wowote, tatizo ni kwamba namfundisha uwindaji barazani. Akajitolea kutupeleka msituni kesho, bure, kwa ajili ya marehemu dada yake.

Nimemtazama machoni muda mrefu. Mtu mwema hivi ana lake jambo. Hata hivyo nimekubali. Gaudenzio ana mahali pake pa siri pa bekacha, na huku kwetu mtu hamtajii mahali pake hata padri kwenye kitubio. Nitakwenda, nitashika njia kichwani. Mbwa atapona na mimi nitatajirika kwa ndege.

Polenta, ugali wetu wa mahindi, na soseji usiku. Conte amekula zaidi yangu.

Jumatano, 7 Novemba

Gaudenzio ametuzungusha msitu mzima kwa njia ambazo hata mbuzi angezikataa. Nilihesabu vijito vinne. Baadaye nikagundua ni kijito kimoja, tulikivuka mara nne. Mahali pake sijapajua.

Kuhusu Conte. Tulimvalisha kengele shingoni kama kawaida, maana kwenye kichaka humwoni mbwa, unamsikia tu. Kengele ikilia, anatafuta. Kengele ikinyamaza, amepata. Saa tatu asubuhi kengele ya Conte ikanyamaza. Gaudenzio akakubali kwa kichwa, akanipisha niende mbele. Nilitambaa dakika ishirini kwenye miiba, nimevua kofia, nimebana pumzi. Kengele kimya kabisa.

Conte alikuwa amelala. Kwenye majani, tumbo juu, jua linampiga puani.

Nilimwambia Gaudenzio kwamba mbwa wa damu ya juu huhifadhi nguvu. Akasema, "Shemeji, huyo amehifadhi za kutosha mpaka Pasaka." Jioni baa nzima ilikuwa inajua. Mtu mmoja ameniuliza kama Conte huwinda na mto wa kulalia au bila.

Usiku nilimkaripia kwa sauti kubwa. Akanipa mguu. Nikaushika, ningefanya nini?

Alhamisi, 8 Novemba

Mpango mpya, na ni wa kitaalamu. Mbwa wa ukoo bora akimwona mwenzake ameganda, naye huganda papo hapo kwa heshima, hata kama hajanusa kitu. Imo damuni, haifundishwi. Basi Jumapili kazi yangu ni moja tu: nimweke Conte nyuma ya Diana. Diana ataganda kwa ndege, Conte ataganda kwa Diana, mzee ataona mbwa wawili wameganda na atapata cha kumridhisha.

Leo nimejaribu. Nilimfuata Gaudenzio kwa siri, hatua mia moja nyuma, nimeziba kengele ya Conte kwa mkate. Kweli Diana akaganda penye kichaka. Nikamwachia Conte. Akamwona. Akasimama. Mguu ukaanza kupanda! Nilikaribia kupiga magoti.

Kisha akaenda kumlamba sikio.

Ndege akaruka, Diana akageuka, Gaudenzio akapiga risasi mti. Akaniita nitoke nilikojificha. Nikatoka. Sitaandika aliyoyasema, maana Rosalba aliwahi kuisoma shajara hii na sipendi aone maneno ya familia yake, hata huko aliko. Alipomaliza alikaa kwenye gogo, akamwita Conte, akala naye nusu ya mkate wake. Akaniuliza kwa nini sisemi tu na mzee, kwamba nampenda mbwa huyu na nyumba ni kubwa mno bila yeye. Nikamwambia mambo hayo hayafanywi hivyo.

Kila mtu na fani yake. Yeye ana ndege. Mimi nina akili.

Ijumaa, 9 Novemba

Siku nyingine ya sheria. Bora. Wenye akili hufanya kazi wengine wakipumzika.

Nimefikiri hivi. Nataka mbwa agande. Mbwa huganda mbele ya jibini. Kwa hiyo tatizo si mbwa, ni msitu, umepungukiwa jibini. Sijui kwa nini hakuna aliyeliona jambo hili tangu dunia iumbwe.

Nimekwenda dukani kwa Teresina, nikaomba jibini la taleggio lililokomaa kuliko yote. Akatoa moja lililomfanya mteja wa nyuma yangu atoke nje. Nikalipeleka bustanini, nikalificha chini ya kabichi. Conte akapita, akageuka kama aliyeitwa jina, akaganda. Mguu juu. Mkia mstari. Dakika nne! Nilimpima kwa saa. Jirani mmoja aliyechungulia juu ya ukuta alivua kofia.

Mpango wa Jumapili ni huu. Alfajiri nalificha jibini kwenye bonde la Fopa, chini ya mti wa miiba wenye matunda mekundu. Mzee anafika. Conte anaganda. Nawaambia wakae nyuma, nasogea mwenyewe, napiga risasi hewani, nasema nimemkosa. Kumkosa bekacha si aibu, hata Gaudenzio humkosa. Jibini nalitia mfukoni. Mzee anarudi kwake na machozi ya fahari.

Jumamosi, 10 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Nilificha kipande kidogo Fopa, nikarudi kumchukua Conte. Tulipofika jibini halikuwepo. Mbweha, nadhani. Funzo: nisilitangulize mapema mno. Nitalipeleka kesho saa kumi na mbili, lote lililobaki, ndani ya karatasi yake ili mbweha asichelewe kulifungua. Maana yangu ni achelewe. Nimechoka.

Jioni nimempiga Conte brashi saa nzima. Amekuwa mweupe, madoa ya chungwa yanang'aa. Nimeweka blanketi lake karibu na jiko, halafu nikaliondoa, halafu nikalirudisha. Kama mzee atamchukua, sijui nitaliweka wapi. Nimelala vibaya.

Jumapili, 11 Novemba. Mtakatifu Martino

Naandika polepole.

Mzee Arrigoni alifika saa tatu, miaka themanini na moja, fimbo, kofia nyeusi. Bunduki ameshaiacha. Gaudenzio alikuja kuwa shahidi, Diana alimwacha nyumbani. Mzee hakunisalimu. Alimsalimu Conte, akampapasa mbavu, akasema, "Umemnenepesha, Olivo." Nikasema ni misuli.

Tukaingia Fopa. Kengele inalia vizuri. Nahesabu hatua. Imebaki kama hamsini kufika kwenye mti wangu, kengele ikanyamaza. Nikashangaa, kisha nikaelewa: upepo umeleta harufu mpaka huku. Taleggio la Teresina hilo. Tukamkuta Conte penye kichaka cha kangaga kavu, ameganda, mguu juu, anatetemeka kidogo midomoni. Mzee akasimama kama yuko kanisani.

Nikawaambia wabaki hapo, mimi ninamjua ndege huyu. Nikasogea mikono mfukoni, bunduki begani, napiga mluzi. Nikainama kutafuta karatasi.

Kangaga zikalipuka usoni mwangu. Bekacha! Wa kweli, mkubwa, mdomo wake ulipita karibu na pua yangu. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo, nikaanguka makalio kwenye dimbwi la maji. Ndege akapita katikati ya mzee na Gaudenzio, akaenda zake. Gaudenzio hakupiga risasi kwa sababu alikuwa ameshikilia mti akicheka. Na Conte? Conte hakukimbia. Hakusogea ukucha. Alimsindikiza kwa macho, kama walivyofanya wazee wake wote kwenye kile cheti.

Mzee akavua kofia. Nilikaa majini nikilia kwa fahari. Ingeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote bondeni.

Kengele ikalia tena. Ikanyamaza tena. Mzee akawa wa kwanza kufika, na fimbo yake. Conte ameganda chini ya mti wa matunda mekundu. Mzee akainama, akatoa kifurushi. Teresina huandika jina la mteja juu ya karatasi. Mzee akalisoma, polepole, kwa sauti.

Nilieleza kwamba huenda ni Olivo mwingine. Nikaeleza kwamba ni dawa ya mbweha. Nikaeleza jambo la tatu ambalo limenitoka. Mzee akasubiri nimalize, akasema mbwa huyu ni bora kuliko wote aliowazalisha kwa miaka kumi, na ndiyo maana hawezi kumwacha hapa. Wiki moja zaidi na mimi, akasema, atakuwa anawinda dukani. Akatoa kamba mfukoni, akamfunga.

Tukatembea mpaka kwenye gari. Gaudenzio naye hakucheka tena. Mzee akafungua mlango. Conte akapanda, maana ni mtiifu, akageuka akanitazama kupitia kioo.

Sikuwa na mpango. Naapa sikuwa na hata mmoja. Nikamwambia mzee kwamba asubuhi naamka kwa sababu mbwa huyu anataka kutoka. Nikamwambia napika polenta ya watu wawili na yeye ndiye wa pili. Nikamwambia tangu Rosalba afe, jina langu sijalitaja mwenyewe kwa sauti mle ndani, lakini la Conte nalitaja siku nzima, na kwa sababu hiyo nyumba haijafa. Nililia vibaya, na pua pia.

Mzee akafungua mlango, akanipa kamba. Akasema mbwa hana la kufundishwa. Mtu analo. Kila Jumatano na Jumamosi niende msituni na Gaudenzio, nimfuate mbwa, nifunge mdomo. Gaudenzio akasema nitaweza mambo mawili ya kwanza. Mzee akaingia kwenye gari akaondoka na jibini langu.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimelala kama mtoto. Conte miguuni.

Nimeyapima ya jana kwa utulivu. Watu watasema niliokolewa na ukweli. Watu hawajui kupima. Jibini lilishindwa, maneno ya busara yalishindwa, kilichofanya kazi ni machozi. Mzee mgumu kama jiwe, dakika tatu tu, kwisha. Silaha kama hii nimekaa nayo miaka sitini na mbili bila kuitumia!

Jumatano nitalia mbele ya Gaudenzio. Si kulia ovyo, kulia kwa mpangilio, karibu na kijito, mpaka anionyeshe mahali pake pa bekacha. Msimu huu nitapata ishirini.

Asubuhi yote nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Machozi hayakuja. Nimefikiria mambo ya huzuni, yakaja mafua. Nimekata vitunguu, jicho moja tu ndilo lililokubali. Mchana nikachoka, nikakaa kwenye kiti, nikaacha. Hapo Conte akatoka kwenye blanketi lake, akaja akaniwekea kichwa gotini, akashusha pumzi ndefu.

Yakaja yenyewe, mengi, mpaka shingoni, na hapakuwa na mtu wa kuyaona. Hasara tupu.