Nyumba za Asubuhi Moja

Mafuriko yaliwanyang'anya watu wa bondeni karibu kila kitu, lakini Injinia yalimpa kofia. Aliikuta imenasa kwenye ua wa miba, kofia ngumu ya njano ya watu wa ujenzi, haina hata ufa. Akaipangusa, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha gari la mtu. Kabla ya hapo aliwahi kuwa daktari wa meno kwa miezi miwili na wakala wa safari za ng'ambo kwa wiki tatu, na kazi zote mbili aliziacha akiwa mbioni. Tusiharakishe kumsema. Ni wachache wanaoweza kuanza kazi mpya kwa kofia tu.

Siku hiyohiyo akafika kwenye shule ya msingi, ambako familia ishirini zilikuwa zinalala madarasani. Mwenyekiti wa kamati ya maafa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameketi kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu. Uani kulikuwa na mabati, mbao na masanduku ya misumari: msaada uliofika bila mtu wa kuujenga.

"Shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo," alisema mwenyekiti. "Hawa watu nitawapeleka wapi?"

"Mama," alisema Injinia, kwa sauti ya mtu anayekuletea maji ya kunawa, "nipe siku saba."

Akakunjua mchoro. Ulikuwa wa banda la kuku la shemeji yake, ila alikuwa ameuongezea madirisha.

"Mbona mlango mdogo hivi?"

"Kuzuia upepo, mama."

Mwenyekiti alikuwa hajalala siku nne. Akampa kazi.

Kutoka hapo Injinia alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mabati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye tangu mto ufurike alikuwa amepandisha bei mara tatu na bado anasali kila siku.

"Jumamosi mwenyekiti anakagua nyumba," Injinia alimnong'oneza. "Akishasaini ripoti anahamia wilaya nyingine, harudi. Adhuhuri tunazivua mabati, unaleta lori, unabeba. Nusu ya bei."

"Robo," alisema Bwana Mabati.

"Hawa ni watu wa maafa, mzee."

"Ndiyo maana nasema robo."

Wakapeana mikono. Malipo ya mwanzo Injinia aliyageuza viatu vya ngozi ya mamba kabla jua halijazama.

Palibaki jambo moja. Bati likishapigiwa misumari barabara, kulibandua ni kulichana. Basi akamtafuta Mama Fundi, mjane aliyerithi karakana ya seremala kwa marehemu mumewe na sasa hana karakana wala randa. Alikuwa analala Darasa la Tatu na wanawe watano na mama mkwe wake, ambaye kila asubuhi aliuliza kengele ya shule italia lini, ili ajue siku ya kufukuzwa.

Paa la nyumba ya kwanza, ya mfano, likiwa bado chini, Injinia alishika nyundo mwenyewe. Akapiga kila msumari nusu, kichwa kikabaki juu.

"Nusu tu," alisema. "Mbao zipate kupumua. Ndiyo teknolojia ya sasa."

"Zipumue," alisema Mama Fundi.

"Na nyumba zikiisha, mtu asiingie wiki nzima. Lazima zikauke."

Mama Fundi aliligonga bati kwa ukucha. "Bati linakauka nini, Injinia?"

"Mambo ya kitaalamu hayo, dada yangu."

"Sawa, kaka."

Mama Fundi hakubisha. Alirudi kwenye mbao akafikiri polepole, kama mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata. Siku ya pili aligundua jambo: Injinia hapandi ngazi. Akifika hatua ya tatu, jasho linamtoka mpaka kofia inateleza. Anakagua kutoka chini, mikono nyuma, akitazama misumari ya milangoni. Basi milangoni misumari ikabaki nusu. Huko juu mafundi wake, watu wa madarasani, waliizamisha yote, na kila bati wakalifunga kwa waya kwa ndani.

"Inapumua?" Injinia aliuliza kila jioni.

"Inakoroma," alijibu Mama Fundi.

Jumamosi saa tatu mwenyekiti alifika na mpiga picha. Nyumba ishirini zilisimama katika mistari minne, na ile ya mfano pembeni. Injinia alipewa nafasi ya kusema machache, na hapo ndipo alipojiponza, maana mbele ya watu hakuwahi kusema machache.

"Nyumba hizi," alitamka, mkono kifuani, "ni zenu! Si za kamati, si zangu! Kuanzia dakika hii, atakayegusa hata bati moja ana deni na mimi!"

Watu wakashangilia. Mafundi wakapita milangoni, ko-ko-ko, wakazamisha misumari iliyobaki.

"Wanafanya nini?" Injinia alimuuliza Mama Fundi, midomo haichezi.

"Zimeshapumua."

Wakati huohuo lori likaingia. Bwana Mabati alikuwa ameshindwa kusubiri adhuhuri, akihofia mzigo usije ukauzwa kwa mwingine.

"Na lori hili?" aliuliza mwenyekiti.

Injinia aliinama akaanza kufuta viatu vyake.

"La kutuhamisha kutoka shuleni, mama," alisema Mama Fundi. "Bwana huyu amejitolea. Hataki hata asante."

Mwenyekiti alimshika Bwana Mabati mikono yote miwili. Mpiga picha akapiga. Mtu hawezi kukataa jambo ambalo ameshapigwa nalo picha. Lori likaenda safari nne. Ya mwisho Bwana Mabati alirudi mbele na dereva, amepakata sufuria ya mama mkwe, naye mama mkwe akimwonya asiitie mbonyeo.

Aliposhuka akamvuta Injinia kando. "Kesho nataka mabati yangu, au pesa yangu, au viatu hivyo na miguu yake."

Jumapili mchana wapagazi wawili wa dukani walikuwa wameketi kwenye mlango wa chumba alichopanga Injinia. Akarudi kwenye nyumba zile kwa njia ya nyuma, kofia kichwani, viatu mkononi.

"Mama Fundi, naomba hifadhi."

"Kwani umekumbwa na maafa?"

"Makubwa."

"Ya mto?"

"Ya lori."

Mama Fundi alimtazama sana, kisha akavichukua vile viatu. "Hivi nitampelekea Bwana Mabati, akupunguzie deni. Nyumba zimejaa, ila ile ya mfano ni tupu. Hatukuigusa. Tumeiacha kama ulivyoijenga, kwa heshima."

Mvua ilianza saa kumi. Katika nyumba ishirini ilisikika juu ya mabati kama mahindi yanayomiminwa kwenye ungo. Katika ya ishirini na moja paa lilianza kupiga makofi, kwanza taratibu, kisha kwa shangwe.

"Nyundo!" alipiga kelele Injinia. "Mama Fundi, nyundo, tafadhali!"

Aliletewa nyundo, na ngazi. Mama mkwe aliburuta kiti chake hadi mlangoni akakaa kuangalia. Injinia alipanda peku, macho amefumba, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka juu. Akapiga msumari mmoja, akasita.

"Piga mpaka mwisho, baba," alisema mama mkwe. "Imebaki mia na arobaini."