Mashine Yenye Dirisha

Leo nimeanikwa ukweni. Sisemi nguo zangu, nasema mimi mwenyewe. (Sawa, na nguo zangu pia. Tutafika huko.)

Kwa wasionijua, mimi ni Moraa, mke wa Ombati. Tunaishi Kisii mjini, lakini boma letu liko Nyacheki, na mimi ndiye mkaza mwana mkubwa pale. Hicho ni cheo, msikichezee. Kukiwa na kitu cha kununuliwa, unatumwa wewe. Kikiharibika, unaulizwa wewe.

Safari hii kitu chenyewe kilikuwa mashine ya kufulia, zawadi ya mama mkwe wangu. Huyu mama amechuma chai tangu Ombati hajazaliwa. Anashinda ameinama shambani, akirudi nyumbani anainama tena kwenye karai la nguo. Mwezi uliopita Ombati alimkuta ameketi chini kando ya karai, mgongo umekataa kunyooka, na bado anasugua shati. Jamani, niliposimuliwa nililia. Ndugu wote wakachanga, nikaambiwa, "Moraa, chagua."

Tatizo ni kwamba Mama si mtu wa kubembelezwa na vyombo. Jiko la gesi tulilompelekea lina kitambaa cha kufuma juu yake, na juu ya kitambaa kuna thermosi ya chai. Halijawahi kuona moto. Ndiyo maana tulipomtajia mashine alicheka sana.

"Mashine itajua kola ya Mzee wangu imechafuka wapi?"

Halafu akatoa sharti. Tuilete aione ikifua kwa macho yake. Asipoipenda, irudi na pikapu ileile iliyoileta. Kwa hiyo leo ilikuwa leo. Ama mgongo wa Mama upumzike, ama tupate meza nyingine ya thermosi.

Asubuhi tukaingia dukani mjini. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa maswali. (Nikitumwa kitu huwa najifanya mkaguzi wa serikali.) Zile za bei ya chini zina matundu mawili: unafua upande huu, halafu unainama kuzihamishia nguo upande ule zikakamuliwe. Kuinama ndiko tunakokukimbia! Zile za bei ya juu zinazungumza na simu. Mama hazungumzi na simu, anaipigia kelele. Tukabaki katikati, na katikati zilikuwa mbili. Moja mfuniko uko juu, kama pipa. Nyingine mlango uko mbele, mviringo, wa kioo.

Ombati akasimama kando ya ile ya mfuniko akaanza kuipapasa. "Hii inatosha. Mama atasimama wima, atumbukize nguo, afunike."

Lakini mimi macho yalikuwa kwenye ile ya kioo. Nyeupe, inang'aa, imesimama pale dukani utadhani bibi harusi. Nikamwambia muuzaji aisifu. Naye akaisifu kweli.

"Madam, hii inatumia maji kidogo. Halafu angalia mlango. Ikishaanza kufua unajifunga wenyewe. Haufunguki mpaka imalize. Hata uvute namna gani."

"Unasikia, Ombati? Usalama!"

(Likumbukeni hilo neno.)

"Na hili dirisha ni la nini?" Ombati akauliza.

"La Mama. Mama haamini kitu asichokiona. Atavuta kiti, aketi, atazame kazi ikifanywa. Hatainama hata kidogo."

Ombati akainua mikono. Nikadhani nimemshinda kwa akili. Tukailipia, ikapakiwa, tukapanda Nyacheki.

Nguo za maonyesho nilizibeba mwenyewe kutoka nyumbani, maana nilijua Mama hawezi kuipa mashine ngeni nguo zake. Nilizichagua kwa heshima: sare za watoto, mashati ya Ombati, taulo, na ile kava kubwa ya duveti, mfuko wa kuvalishia blanketi letu nene. Nguo zisizo na lawama. Nguo ambazo hata kasisi angeweza kuzitazama.

Tulikuta watu wamejaa. Habari ilikuwa imetutangulia. Majirani wa kike wanne au watano walikuwa kwenye makochi, Mama katikati yao amekunja mikono. Upande wa pili Mzee, baba mkwe wangu, kwenye kiti chake kile ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Kando yake mzee wa kanisa aliyekuja kumwona akaambiwa asubiri aone maajabu. Na mashine ikabidi iwekwe hapohapo sebuleni, kwa sababu ndiko kuliko na soketi isiyocheza. Fundi tuliyekuja naye kutoka dukani akaingiza mpira wa maji kutoka kwenye tangi, na mpira wa maji machafu akautoa dirishani kuelekea migombani. Kioo kikawa kinamtazama Mzee moja kwa moja.

Hapa nieleze kwa marafiki zangu wasio Wakisii. Kwetu kuna kitu tunaita ensoni. Ni heshima, na ni haya, zimeshikana. Mkaza mwana na baba mkwe wake hawapeani mkono. Sikalii kiti chake. Siongei mambo ya chumbani akiwa karibu. Na nguo zangu za ndani, nikiwa pale bomani, naanika nyuma ya jiko na kuzifunika na leso, ili Mzee akipita asijue hata kama huwa ninazo. Miaka yote hiyo ya ndoa sijawahi kuteleza. Nimekuwa mkaza mwana wa kupigiwa mfano. (Nilikuwa.)

Nikatumbukiza nguo, nikatia sabuni ya unga, nikafunga mlango, nikageuka kuwahutubia. Ndiyo, nilihutubia. Nikaeleza kuhusu maji kidogo, nikaeleza kuhusu usalama wa mlango. Nikabonyeza. Tik! Ukajifunga. Maji yakaingia, nguo zikaanza kuzunguka.

"Ee Nyasae!" jirani mmoja akamwita Mungu. "Inafua yenyewe!"

Ilikuwa inapendeza, sitawadanganya. Povu linapanda, mashati yanapinduka, hakuna mkono wa mtu. Mzee wa kanisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee akatikisa kichwa polepole kwa raha. Hata Mama nilimwona ameinamisha shingo mbele kidogo. Moyoni nikasema, tumefika.

Ndipo ile kava ya duveti ikafunguka mdomo. Vifungo vyake viwili vilikatika zamani. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikatema soksi. Soksi ya Ombati ya kijivu, ile tuliyoitafuta mpaka tukawasingizia panya.

"Soksi yangu!" Ombati akapiga kelele.

Watu wakapiga makofi. "Kumbe inatafuta na vilivyopotea!" Mimi nikainama kidogo kama msanii jukwaani.

Kava ikazunguka tena. Ikatema chupi.

Chupi yangu. Nyekundu. Yenye mioyo myeupe. Si ndogo. Niliinunua mtumba nikadhani ilipotelea kambani, kumbe ilikuwa imejificha kwenye kona ya kava tangu tulipoifua mara ya mwisho. Ikapanda na povu, ikafika kwenye kioo, ikajibandika. Ikashuka. Nikapumua. Ikarudi.

Hakuna aliyepiga makofi.

Nikarukia mlango nikavuta. Haukufunguka. Nikavuta kwa mikono miwili. Usalama! Ombati akanong'ona, "Zima! Zima!" Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Na mashine, Mungu aibariki, inatii. Ikasimama palepale. Na chupi nayo ikasimama, katikati ya kioo, imetandazwa vizuri, mioyo yote inaonekana. Mlango bado umefungwa.

Ombati akanyakua kitambaa cha kochi akakiweka juu ya kioo. Kitambaa cha kufuma, jamani. Kina matundu! Sasa chupi ikawa na urembo.

Nilisimama pale nimeshika mlango. Nilitamani kuufuata ule mpira wa maji machafu nitokee migombani, niendelee kushuka, nisirudi tena Nyacheki. Na wazo moja lilikuwa linanichoma kuliko aibu: Mama anaikataa mashine. Nimeuua mgongo wake kwa ajili ya kioo.

Ndipo Mzee akasimama. Hakunitazama. Alitazama dari.

"Nasikia ng'ombe analia," akasema.

Mzee wa kanisa akasimama pia. "Hata mimi nimemsikia. Analia sana."

Wakatoka polepole kwa heshima zao zote, fundi akiwafuata nyuma. (Ng'ombe alikuwa amepelekwa malishoni tangu asubuhi. Hakuna ng'ombe pale.) Ninawaambia, nimewahi kuona watu waungwana, lakini sijawahi kuona mtu akitengeneza ng'ombe kwa ajili yangu.

Wanawake waliobaki wakaanza kucheka chinichini, mabega yanatikisika. Mama akainuka. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya mashine, akaketi, akaegemeza mgongo wake kwenye kile kioo na kukiziba chote.

"Mnacheka nini?" akawauliza. "Nyinyi zenu mnaanika mbinguni?"

Halafu akaniambia bila kugeuka, "Moraa, bonyeza iendelee. Nguo haziachwi na sabuni."

Nikabonyeza. Mama alikaa pale kama mlango wa pili, akaagiza chai iletwe, akaanza kuwauliza majirani habari za bei ya ndizi. Akawachapa maswali mpaka wakasahau. Mimi nilikuwa jikoni namimina chai huku nalia kidogo, si kwa aibu tena. Kwa kumpenda yule mama.

Halafu mashine ikafika kukamua. Wenye nazo mnajua. Inaanza kama gari linalopasha moto, halafu inanguruma, inatetemeka yote. Nikatoka jikoni mbio. Mama alikuwa amefumba macho, ameshika magoti, anatikisika kuanzia kichwa hadi viatu. Vikombe mezani vinagongana.

"Mama! Unaumia?"

"Nyamaza."

"Mama, toka hapo nikushike..."

"Moraa, nimesema nyamaza. Hapo chini ya kiuno. Hapohapo." Akasogea kidogo kushoto. "Ee. Hapo."

Majirani wakakaza macho kwa wivu. Mwishowe mashine ikapunguza kasi, ikatulia, mlango ukafanya tik. Mama akafumbua macho.

"Mbona imesimama?"

"Imemaliza, Mama."

"Iambie irudie."

Ombati alitoka nje kwenda kucheka. Mimi nikafungua mlango, na kabla sijatia mkono, Mama alikuwa ameshaingiza wake. Akaitoa ile nyekundu kwanza, akaikunja ndani ya taulo haraka, akanipa kifurushi. "Imetakata. Na haijachuja. Hiyo ni nguo nzuri." Halafu akatoa shati la sare, akaligeuza kola, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alilitazama muda mrefu kuliko mwalimu anavyotazama mtihani.

"Mbuya mono," akasema. Nzuri sana.

Wiki zote hizi nilikuwa nangoja maneno hayo. Nikataka kumkumbatia lakini alikuwa ameshageukia kioo, mikono kiunoni, anakipima kwa macho.

"Moraa, wewe ni mtu wa mjini, umechagua vizuri. Lakini nyumba ikiwa na dirisha inawekwa nini?"

"Pazia, Mama."

"Sasa mbona hamkununua na pazia lake?"

Akafungua sanduku lake, akatoa kipande kilichobaki cha mapazia ya sebuleni, yale ya maua ya manjano, akaanza kushona hapohapo. Mzee aliporudi alikuta mashine imevaa sawa na madirisha. Akaketi kwenye kiti chake, akapokea chai yake. Ombati, ambaye hana adabu, akamuuliza ng'ombe anaendeleaje.

"Amenyamaza," Mzee akasema, akanywa chai.

Tumerudi mjini jioni hii. Nilikuwa sijavua hata viatu simu ikalia. Ni Mama, na kelele zake.

"Moraa! Nguo za hapa zimekwisha! Nimefua hata gunia la majani chai! Jumapili leteni zenu. Zote, unanisikia? Zote! Pazia lipo!"

Kwa hiyo nyinyi mnaocheka, na nawasikia, chekeni mkiwa mmekaa. Mkimaliza, kabla hamjaenda kwa wakwe zenu, kung'uteni kava za duveti. Mimi nilijaliwa Mzee mwenye ng'ombe asiyekuwepo. Sijui wenu anafuga nini.