Haitham bin Shaame na Mlango wa Alasiri

Kaeni vitako, enyi wenye masikio, na mwenye chungu jikoni akiepue kwanza, kwani nasimulia jambo ambalo mji wa Chake haukupata kulishuhudia tangu kujengwa kwake: siku Haitham bin Shaame, karani wa masjala, bwana wa mafaili elfu, alipokwenda kumchukua mwanawe kwa mlezi.

Msicheke. Vita vyenyewe vilikuwa hivi. Saada, bintiye wa miaka mitatu, hushinda kwa Bi Mwatum pamoja na watoto wengine kumi na wanane, na sharti la Bi Mwatum ni moja: ikiadhiniwa alasiri mlango unafungwa, na mzazi atakayechelewa mara tatu, nafasi ya mwanawe hupewa mwengine. Mamake Saada, Bi Zulekha, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyekuwa akiuwahi mlango huo siku zote. Lakini wiki ile zamu yake iligeuka, akawa hatoki mpaka magharibi. Jumatatu Haitham alichelewa. Jumanne alichelewa. Sasa ilikuwa Jumatano, na bibi yake mtoto, ambaye angeweza kuwa jeshi la akiba, alikuwa Mtambile na karafuu zake. Nafasi ikipotea, wa kuacha kazi alijulikana, wala hakuwa Haitham. Zulekha aliipenda kazi ile kuliko dhahabu zake za harusi. Mumewe alilijua hilo.

Ilipotimu saa tisa na nusu, saa ya kutoka kazini, shujaa akainuka, akaiendea ngome ya kwanza. Mlangoni pa ofisi ile imetundikwa mashine ndogo nyeusi, isiyo na huruma wala nasaba. Asiyeigusa wakati wa kutoka ikamtambua kidole, hata kama ameshinda na kulala ofisini, huandikwa kuwa hakuja. Haitham akaweka dole gumba. Taa nyekundu. Akalipangusa kwenye suruali, akaliweka tena. Nyekundu. Kwani Jumamosi na Jumapili nzima dole lile lilikuwa Mtambile kwa mama mkwe, likichambua karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule, hata mistari yake yote ikalika, likabaki laini kama kitako cha kikombe. Jumatatu na Jumanne mashine ilimkubali baada ya kubembelezwa sana, ndipo akachelewa; siku ile ilikataa kabisa. Nyuma yake foleni ikarefuka ya makarani wenye madole kama hilo, maana msimu ukishakolea nusu ya ofisi haina vidole.

Kando ya mashine alisimama Bwana Bakar, afisa utumishi, mikono nyuma.

"Bwana Bakar," akanena Haitham kwa sauti ya kutikisa mapazia, "tangu saa moja na nusu nimekaa mbele yako. Chai tumekunywa pamoja, muhogo tumegawana. Leo waniambia sikuja?"

"Ndugu Haitham, mimi nakuona," akajibu Bakar kwa utulivu wa makadhi, "lakini mfumo haukuoni. Na mimi na mfumo tukikhitilafiana, mwenye kusadikiwa ni mfumo."

Hapo Bi Ummkulthum, mpiga chapa, akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Haitham, weye nawe. Si tuliandikishwa vidole viwili? Weka hicho cha mwisho cha kushoto. Hicho kivivu, hakichambui kitu."

Basi kidole cha mwisho, kilichodharauliwa tangu kuumbwa kwake, kisichopata kushika jembe wala kalamu, kikanyanyuka, kikaigusa mashine. Taa ya kijani. Foleni nzima ikahimidi, na Haitham akatoka mbio, tai begani.

Lakini njia ya Pemba ina wazee, na hakuna haraka inayomruhusu mtu kumpita mzee bila ya kumwamkia. Mzee Vuai alikuwa barazani kwake. Haitham akampa shikamoo na mkono. Marahaba ikaja, mkono haukurudi. Mzee akauliza watu wa nyumbani, akauliza mama mkwe, akauliza karafuu zimekauka au zimenyeshewa, na kila swali likajibiwa kwa adabu, jasho likitiririka. Mkono ungali kifungoni, adhana ya alasiri ikalia.

Alipofika, Bi Mwatum alikuwa kizingitini, ufunguo mkononi, maji ya udhu yakimchuruzika viwikoni.

"Baba Saada, adhana ishakwisha. Miye nshatia udhu. Na hii ni ya tatu."

Haitham akaushika mwimo wa mlango, akahutubu na pumzi zimemwisha. "Ewe Bi Mwatum, mlinzi wa watoto kumi na tisa, adhana ni mwito, si kufuli. Anayeitwa hupewa muda wa kufika. Msikiti wenyewe unamngoja aliye njiani mpaka sala ikimiwe. Je, mlango wako utakuwa mkali kuliko wa msikiti?"

Bi Mwatum akaushusha ufunguo. Alikuwa mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na hoja akiijua ikiwa hoja. Punde ikama, mwito wa kusimama kuswali, ikasikika kutoka msikitini.

"Haya, mguu wako umeitangulia ikama," akasema. "Mchukue. Lakini kesho usinijie na fatwa, njoo na saa."

Saada akatoka na kiatu kimoja, akamtazama mshindi kuanzia juu hadi chini. "Mama yuko wapi?"

Magharibi ilipopita Zulekha akarudi, miguu imemvimba, na Haitham akamsimulia kwa nusu saa, amesimama: mashine, kidole, mzee, mlango. Zulekha alisikiliza mpaka mwisho. Moyo wake ulitua, akamshukuru kwa kweli, kisha akauliza, "Na mkoba wake? Wenye nguo na chupa ya uji?"

Shujaa akageuka kuutafuta mlangoni; haukuwapo.

"Haidhuru," akasema Zulekha. "Utauchukua kesho."

Basi na iandikwe, wajukuu waje wasome, kwamba Jumatano hiyo Haitham bin Shaame alimchukua mwanawe kabla ya ikama, na habari zake zikatajwa katika baraza saba. Zulekha alikuwa amemchukua siku mia nne na kumi na mbili kabla yake, na mkoba pia, na katika siku hizo zote hakutokea hata mmoja wa kuandika.