Sari ya Yadi Tisa na Mkasi Wangu

Jumatatu, 4 Juni 2012

Ninaandika shajara hii ili, siku nitakapokuwa meneja, asitokee mtu wa kudai kwamba nilifika hapo kwa bahati. Mimi ni Kuria, mhitimu wa shahada ya biashara, mfanyakazi katika duka la nguo za harusi la Bi. Sultana, hapa Scarborough, Toronto. Bi. Sultana anafungua tawi North York na atamkabidhi mmoja wetu: mimi au Nkirote, mwenzangu, ambaye ana mkono mzuri wa cherehani na ulimi mbaya. Leo Bi. Sultana amekwenda Vancouver kumwona mjukuu. Funguo ameniachia mimi. Mimi, si Nkirote!

Mchana aliingia Mugdha, binti wa Kimarathi anayeolewa Jumamosi. Alileta sari ya hariri ya kijani yenye pindo la dhahabu, ambayo bibi yake aliolewa nayo huko Pune, India. Kipini cha pua cha lulu, chenye umbo la korosho. Na jozi mbili za nyuzi za lulu za kufunga kwenye kipaji cha uso. Sari ipigwe pasi, alisema. Basi. Bibi anawasili Ijumaa kwa ndege, na jambo la kwanza atakaloulizia ni sari hiyo. Nilimhakikishia kwamba atapata zaidi ya pasi.

Jumanne, 5 Juni

Nimepima sari. Yadi tisa! Sari nyingine zote dukani hazifiki hata saba. Mtu wa kawaida angeshangaa. Mimi nilielewa papo hapo. Mama yangu aliuza leso Mombasa. Nimekua nikimwona akichukua doti nzima, akiikata katikati na kupinda ncha. Ni dhahiri kwamba bibi wa Pune alinunua doti, na hakuna aliyewahi kuikata. Miaka yote hiyo! Ukoo mzima!

Nikakata. Nikapinda. Sasa Mugdha ana sari mbili. Kila moja ni fupi kidogo, lakini Mugdha naye si mrefu.

Nkirote aliporudi kutoka kula aliniuliza kama nilimpigia mwenyewe simu. Nilimfahamisha kwamba kiongozi haombi ruhusa ya kumfurahisha mteja. Akasema, "Haya, bosi. Mimi leo sikuja kazini."

Jumatano, 6 Juni

Jozi ya pili ya lulu ni ya akiba. Nimeamua hivyo. Nimeivika sanamu ya dirishani, na imependeza mno. Nkirote anadai kwamba kwa Wamarathi bwana harusi naye hufunga lulu usoni. Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Mwanamume mzima! Wivu humfanya mtu aseme lolote.

Alhamisi, 7 Juni

Mugdha alikuja na shangazi yake kujaribu nguo. Nilitoa hotuba fupi kuhusu huduma bora. Kisha nikafunua sari ya kwanza. Kisha ya pili!

Shangazi alikalia mkoba wake mwenyewe. Mugdha alianza kulia, na haikuwa furaha, ingawa mwanzoni niliipokea hivyo. Shangazi alinieleza, akikazia kila neno, kwamba vazi hili huitwa nauvari, kwamba hupitishwa katikati ya miguu kama suruali na kuchomekwa nyuma kiunoni, na kwamba yadi zote tisa zina kazi. Aliuliza nilisomea wapi. Nilijibu kwa fahari kwamba ni hapa hapa Toronto. Akamshukuru Mungu kwamba wanawe walikwenda kusoma Montreal.

Mugdha alisema jambo moja tu: bibi akiiona hivi, atakumbuka kisu, hatakumbuka harusi. Nikamsahihisha kwamba ulikuwa mkasi.

Ijumaa, 8 Juni

Nkirote alifumua pindo zangu na kuunganisha vipande, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kunikera. Shangazi akaikunja na kuikunja tena juu ya Mugdha, hata mshono ukaangukia nyuma, chini ya mchomeko. Hauonekani! Nimefurahi. Bila mkato wangu, ustadi huu wote ungelala bure.

Bi. Sultana amerudi. Ameyasikia yote kutoka kwa Nkirote. Alivua miwani, akasema, "Kuria, mwanangu," kisha akaivaa tena. Sijawahi kuitwa mwanangu.

Jumamosi, 9 Juni

Harusi! Bwana harusi alisimama akiwa na kipaji kitupu, jamaa zake wakinong'ona. Nilipanda basi kurudi dukani, nikaivua sanamu lulu, nikapanda basi tena. Walinisubiri. Mtu wa lazima husubiriwa.

Mugdha alimwinamia bibi yake kumgusa miguu. Alipoinama, mchomeko ukalegea na mshono ukachungulia nyuma, ambako bibi hakuweza kuuona. Nkirote akausogelea haraka kuukinga. Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini kazi kubwa namna ile ikose mwenyewe? Nilimwendea bibi, na kwa kupitia kwa shangazi, ambaye alikataa mara mbili kunitafsiria, nilimweleza kila kitu.

Bibi aliugeuza mgongo wa Mugdha, akaupapasa mshono taratibu. Mugdha alifumba macho. Kisha bibi akanishika sikio, akalivuta hadi nikapiga magoti, akanipeleka hivyo mbele ya ukumbi mzima. Halafu akacheka hadi kipini chake mwenyewe cha pua kikatikisika, na Mugdha akacheka naye, machozi yakimtoka, na bangili za kijani zikilia mkononi. Nadhani ni baraka za kimila. Sikio bado linawaka.

Jumapili, 10 Juni

Familia moja ya Kikorea imeleta vazi la harusi lenye mikono mipana ajabu. Kitambaa kinapotea bure. Mikono hiyo nimeshaiwekea alama kwa chaki.

Bi. Sultana amepiga simu. Sauti ya upole kabisa. Anataka nimletee funguo zote za duka, na mkasi. Mkasi! Bila shaka ni wa kukata utepe wa tawi jipya. Nimepiga pasi suti. Ni kesho, Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi.