Yule wa Kumi Yuko Wapi?

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Barua mbili! Vyuo viwili vinamtaka mjukuu wangu Rashidah akavichezee netiboli, vimsomeshe bure. Urefu ule ni wangu, waulize watu. Chuo cha geti la chuma kimeandika kwa herufi nene: kila wachezaji kumi, tisa wanamaliza na kuvaa joho. Chuo cha uwanja wa matope: watano. Mimi ndiye mlezi, nitie sahihi karatasi moja kabla ya Ijumaa kwisha. Kazi imekwisha! Rashidah anasema, Haboba, bibi yangu, mimi nataka kusomea maabara, na namba haisemi kila kitu. Nimemwambia niliishia darasa la nne lakini tisa na tano nazijua.

Nikamtangazia Aluoch, jirani wa ghorofa ya chini. Tisa! Akaniuliza huku anaanika nguo: na yule wa kumi, alikufa? Mdomo gani huo!

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: kwenda kuchungulia mwenyewe. Nimebeba kawa zangu tatu za kufunikia chakula, nijifanye mchuuzi. Askari wa getini akasema mama, hapa si soko. Nikamwambia hata mimi soko silioni, naona mtoto asiyesalimia wakubwa. Akafungua.

Uwanjani nimempata Hamim, mrefu wa basketi, mmoja wa wale tisa. Picha ya joho anayo kwenye simu. Mashallah! Alisoma nini? Uongozi wa michezo. Na wenzake? Wote uongozi wa michezo! Nani aliwachagulia? Kocha, maana vipindi vyake havigongani na mazoezi. Yeye alitaka umeme. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Kazi bado hana.

Na wa kumi je? Ni Shamirah wa netiboli, akasema, alikataa kuacha unesi. Sasa yuko hospitali ya Mulago. Maskini! Amelazwa.

Jumatano, 6 Agosti

Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nimetia uji kwenye chupa ya chai, nikafunga gurusa sita, chapati zetu laini. Nimezunguka wodi tatu nikimuulizia Shamirah, mtoto wa netiboli aliyeshindwa. Watu wananiangalia tu. Mwisho muuguzi mmoja, mrefu, nguo nyeupe pee, akasema: mama, Shamirah ni mimi.

Mzima kabisa! Alihamia chuo kingine, akamaliza unesi, akaajiriwa. Nikamuuliza, katika hesabu ya kile chuo wewe ni nani? Nimeshindwa, akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. Akanikalisha, akanipima presha. Iko juu. Yangu mimi!

Basi aliyeshindwa ananipima presha, na aliyefaulu anashinda uwanjani. Nani aliyehesabu hivi? Kichwa kinaniwasha. Gurusa amekula nne.

Alhamisi, 7 Agosti

Uwanja wa matope. Kiatu kimoja kimebaki humo. Nikamkuta Kocha Oloya, nikamgombeza kabla ya salamu: watano kwa kumi, huoni haya? Hakukasirika. Akatoa daftari, akanionyesha wale wengine kwa majina. Wawili bado wanasoma maabara, wameongezewa mwaka kwa sababu ya safari za mechi. Mmoja amechukuliwa na timu ya Nairobi. Mmoja amehamia kwingine, anaendelea vizuri. Na wa mwisho? Huyo sisi ndio tuliomwangusha, akasema. Alikuwa akilala darasani, nasi tukazidi kumpeleka mechi.

Sijawahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Mimi mwenyewe nafundisha wasichana kusuka kawa, na hujisifu kwamba wote humaliza. Wote! Wavivu nawafukuza wiki ya pili. Wazito nawamalizia mimi ule ukingo. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na asiniulize.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetia sahihi karatasi ya chuo cha wale tisa.

Najua! Lakini tisa nimeshaitangaza ngazi nzima. Nimwambie nini Aluoch? Mpango: niipeleke karatasi kabla Rashidah hajaamka. Mlangoni nikakutana naye, amesimama na ndoo ya maji. Akaiona karatasi mkononi. Hakulia, afadhali angelia. Akasema, Haboba, kama unataka joho nitakununulia sokoni Kikuubo, ulitundike ukutani. Mimi nataka maabara.

Mtoto mkali! Kanirithi mimi. Nikamwambia asinisemeshe hivyo. Nikakaa kitini. Nikamkumbuka Hamim na kile kicheko kilichokatika. Nikachana karatasi vipande vinne, nikatia sahihi karatasi ya chuo cha Oloya, tukaipeleka wawili. Njiani mkoba wangu alinibebea yeye.

Jumamosi, 9 Agosti

Rashidah kapokelewa. Maabara! Nikashuka kumwambia Aluoch kabla hajasikia kwa wengine. Akashika kiuno. Si ulisema tisa, mama? Umeangukia tano?

Nikamwambia namba ni mambo ya washamba, mtu anatazama mtoto mmoja mmoja. Akaachia kiuno. Nimeshinda! Ningeondoka hapo hapo. Lakini nilitaka kujua tu, kidogo tu: mjukuu wake Moreen, anayekimbia mbio kwa chuo cha Jinja, huko wanamaliza wangapi?

Saba, akasema, kidevu juu.

Saba! Nimempa pole. Sisi tuko tano, wao wamebakiza mbili tu wafike tisa kama wale wa geti la chuma. Jumatatu nampeleka Aluoch kwa Oloya, akamwone mwalimu wa kweli.