Pasi, Jenereta na Kanzu ya Baba Mkwe

Jamani, leo aibu imenikuta na pasi mkononi.

Niko chumba cha ndani kwa wakwe zangu hapa Kibiti. Mlango nimeufunga. Nawaandikia ninyi.

Leo wifi yangu Zuhura ameolewa. Mimi, mwalimu wa fizikia, ni mke wa kaka yake, na kwenye ukoo huu bado mgeni. Tangu asubuhi sikutulia. Nikashika mwiko wa pilau, wakanipokonya. Nikakalia mbuzi nikune nazi, wakaniinua. "Mwalimu, wewe pumzika mwanangu," mama mkwe akaniambia. (Maana yake: utatuharibia shughuli.) Nikawa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Umeme ulikatika tangu alfajiri, kwa hiyo Shabani, fundi wa muziki, akaja na jenereta lake dogo la kuendeshea spika. Kaswida zikawa zinapigwa taratibu.

Mara vigelegele nje. Upande wa bwana harusi huo, umefika kutoka Utete! Baba mkwe, mkulima wa korosho, anatoka kuwapokea, kanzu nyeupe pee. Mjukuu wake akamrukia kiunoni, mikono imejaa ubuyu. Wekundu mbele nzima!

Na baba ndiye walii. Bila yeye, ndoa haifungwi. Kanzu ya akiba ilikuwa sandukuni tangu Idi, imejikunja hata huijui kola iko wapi.

"Washeni pasi ya mkaa," mama mkwe akasema.

"Mama, majivu yatamwagikia kanzu! Nina pasi yangu ya umeme. Niachieni mimi."

(Hatimaye nimepata kazi!)

Sasa, msidhani nilikurupuka. Pasi yangu imefutika maandishi, lakini juzi niliipima mbele ya darasa. Volti 220, mkondo ampea 4. Gawanya, unapata ukinzani omu 55. Zidisha, unapata nguvu wati 880. Nikaenda kusoma kibandiko cha jenereta: wati 1000. Wati 880 ndani ya 1000, na chenji inabaki!

"Shabani, nachomeka pasi."

"Litaweza, mwalimu?"

"Nimepiga hesabu."

"Haya, wewe ndiye mwalimu."

Nikavuta waya mpaka chumba cha mbele, nikachomeka. Jenereta likaguna. Nikasema ndivyo yalivyo, yanaguna. Pasi ikapata moto. Nikanyoosha mgongo wa kanzu, nikanyoosha kifua, nikanyoosha mkono wa kulia. Tamu kweli! Wifi yangu mkubwa, Mwajuma, kanishikia upindo. Baba yuko chumba cha pili, amevaa msuli na singlendi, anakohoa kila baada ya muda kutukumbusha.

Nje watu wameanza kuchoka kusubiri. Shehe akaona awapoze kwa mawaidha. Akashika maikrofoni. Shabani naye, ili Shehe asikike mpaka barabarani, akafungulia spika sauti yote.

Na spika lenyewe lilikuwa limefungwa juu ya dirisha letu.

Hatusikilizani tena. Mwajuma akanipigia kelele sikioni: "Wifi! Baba alisema jenereta lisiguswe!"

"Nini?"

"Baba! Kasema jenereta lisiguswe!"

Nami, kwa ile raha ya kunyoosha, nikapaza sauti yote ninayotumia kwenye darasa la watoto themanini: "BABA ANAJUA KOROSHO! UKOO HUU MZIMA MWENYE AKILI YA UMEME NI MIMI PEKE YANGU!"

Jenereta likazimika kwenye neno "korosho".

Yaani spika limekata, Shehe amekatika katikati ya neno, uwanja mzima kimya, halafu inatoka dirishani sauti yangu mimi, safi, haina mpinzani. Wenyeji wamesikia. Utete wamesikia. Nadhani na walioko Ndundu wamesikia.

Mwajuma akaachia upindo, akakaa chini, akajifunika kanga usoni. Mabega yanamcheza.

Nje, Shehe akakohoa kidogo. Akasema taratibu, bila maikrofoni:

"Alhamdulillahi. Basi huyo mwenye akili atuwashie umeme."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko! Wazee wa watu, na vibaraghashia vyao, wanashikana mabega!

Pazia likafunguka. Baba mkwe. Natamani ardhi inimeze, na pasi yangu.

"Mwanangu, nipe hiyo kanzu."

"Baba... bado mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto nitaubana." Akaivaa. Kufika mlangoni akageuka. "Na korosho kweli nazijua." Akatoka. Hajakasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jenereta halikuwaka tena. Watu wakasogea karibu ili wasikie, magoti kwa magoti, na baba akamwozesha bintiye mkono mmoja ameubania ubavuni kama mwenye jipu. Zuhura kaolewa. Ndoa imetimia, nashukuru.

Nimejifungia humu narudia hesabu kwenye kiganja. Pasi niliihesabu vizuri, wallahi. Spika ndilo sikulihesabu! Lilikuwa linakula kwenye jenereta hilo hilo, nami nimesimama chini yake linanipigia masikioni! Hata sifuri ningejipa kwa huruma.

Mama mkwe kagonga mlango mara mbili nikale pilau. Mara ya pili nimesikia wanawake wa Utete wakimwuliza, "Ndimo alimo?"

Nanyi tafadhali msicheke. Jumatatu nina kipindi cha umeme Kidato cha Tatu, na mdogo wake bwana harusi, nimeambiwa sasa hivi mlangoni, ni mwanafunzi wangu wa dawati la mbele.